Sampu Inayovuja: Kutambua Chanzo na Kufanya Matengenezo Madogo Nyumbani

Utangulizi

Doa jeusi chini ya gari wakati wa asubuhi ni jambo ambalo wamiliki wengi wa magari hulizoea upesi. Doa hufunikwa kwa mchanga, oili huongezwa nusu lita, na safari huendelea. Wapo wengine ambao hushtuka na kukubali bei yoyote watakayotajiwa katika gereji ya kwanza wanayoifikia. Makundi yote mawili hupata hasara: la kwanza huweza kupoteza injini, na la pili hupoteza fedha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, ufa hauwezi kuzibwa na mtu asiyejua ulipo. Mwandishi wa somo hili aliwahi kulipia sampu nyingine kwa ajili ya gari lake dogo, na wiki iliyofuata doa likarudi pale pale. Oili ilikuwa ikitoka juu, kwenye gasketi ya kifuniko cha injini, ikitiririka ubavuni hadi kwenye sampu na kudondokea hapo. Sampu iliyoondolewa haikuwa na kasoro yoyote. Hilo ndilo jambo kuu katika somo hili: tafuta chanzo kwanza, ndipo ushike spana au utoe fedha.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutofautisha uvujaji wa oili na uvujaji wa vimiminika vingine vya gari;
(b) kutambua iwapo oili inatoka kwenye sampu au mahali pengine;
(c) kufanya matengenezo madogo kwa usalama;
(d) kujua kazi zipi zisifanywe nyumbani, na
(e) kudai haki yake anapopeleka gari gereji.

1. Sampu ni nini?

Sampu ni bakuli la chuma au la aluminiamu lililofungwa chini kabisa ya injini. Injini ikizimwa, oili yote hushuka na kutuama humo. Injini ikiwashwa, pampu huivuta oili kupitia kichujio cha wavu na kuisukuma kwenye beringi, kamshafti na sehemu nyingine zinazosuguana.

Kwa kuwa ipo chini, sampu ndiyo ya kwanza kupokea pigo la jiwe, tuta refu au kisiki. Magari madogo yaliyotengenezwa kwa barabara za lami huwa na nafasi ndogo kati ya sampu na ardhi, na mara nyingi bati la kinga lililokuwa chini ya injini limekwisha kuondolewa au kupotea kabla gari halijamfikia mmiliki wa sasa. Sababu nyingine za uvujaji ni kutu, gasketi iliyozeeka, na nati ya kumwagia oili iliyokazwa kwa nguvu kupita kiasi kila oili ilipobadilishwa.

2. Je, kinachovuja ni oili?

Tandika kipande cha boksi safi chini ya injini jioni, na ukikague asubuhi. Boksi litaonyesha rangi ya kimiminika na mahali kinapodondokea.

Kimiminika cha kahawia au cheusi, chenye utelezi, ni oili ya injini. Chekundu au cha waridi chenye utelezi huwa ni haidroliki ya gia au ya usukani. Cha kijani au cha waridi kilicho chepesi kama maji huwa ni maji ya rejeta yenye dawa yake. Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu, hasa baada ya kutumia kiyoyozi, ni jambo la kawaida na hayahitaji matengenezo. Kimiminika cha manjano hafifu kinachoonekana karibu na tairi kinaweza kuwa mafuta ya breki. Katika hali hiyo gari lisiendeshwe hadi likaguliwe.

Pima pia kiasi cha oili. Gari liwe mahali tambarare, injini iwe imezimwa kwa angalau dakika tano. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo kabla ya kuwasha injini.

Zingatia: taa nyekundu yenye picha ya birika la oili kwenye dashibodi haipimi kiasi cha oili, huonyesha kwamba mgandamizo wa oili umeshuka. Ikiwaka wakati gari linatembea, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Kujikongoja hadi gereji iliyo karibu huku taa hiyo ikiwaka kunaweza kuunguza beringi, na injini ikaanza kugonga kwa namna ambayo mafundi huiita kunoki. Gharama ya kulivuta gari ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya injini.

3. Kutafuta chanzo

Oili hufuata njia ya mteremko, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa sababu hiyo, karibu kila uvujaji wa injini huishia kuilowesha sampu. Ili kupata ukweli, fuata hatua hizi:

Kwanza, safisha. Injini ikiwa imepoa, ondoa oili na vumbi lililogandamana kwenye sampu na ubavu wa injini kwa maji ya sabuni na brashi, kisha ikaushe. Usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Usimwagie maji kwenye altaneta, plagi na viunganishi vya umeme.

Pili, paka poda ya mwili sehemu zote zilizokauka. Oili itakapotoka, itachora mstari wa giza juu ya weupe.

Tatu, endesha gari mwendo mfupi, kisha liache lipoe na uangalie kwa tochi ukianzia juu kwenda chini. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo pa kuanzia.

Sehemu za kukagua, kwa mpangilio huo, ni gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, yaani tapeti kava. Swichi ya mgandamizo wa oili. Filta ya oili. Sili ya mbele ya krenkshafti. Kisha ukingo wa sampu, nati ya kumwagia oili na tumbo la sampu lenyewe. Kwa upande wa filta, hakikisha gasketi ya filta ya zamani haikubaki imenata kwenye injini. Gasketi mbili zikikaa pamoja, oili huweza kuchuruzika au hata kumwagika yote kwa muda mfupi.

Dalili moja husaidia: gari likiendelea kudondosha oili usiku kucha bila kuwashwa, shuku sehemu za chini, hususan nati na sampu. Oili ikitoka tu injini inapounguruma, shuku sehemu za juu au zenye mgandamizo. Dalili hii haitoshi peke yake, bali huthibitisha kile ambacho poda imeonyesha. Oili ikionekana kutokea pale injini inapokutana na giaboksi, huenda sili ya nyuma ya krenkshafti imeharibika. Kazi hiyo huhitaji kushusha giaboksi na haifanyiki nyumbani.

4. Usalama kwanza

Oili iliyovuja inaweza kununuliwa tena, uhai hauwezi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki imetengenezwa kwa ajili ya kunyanyua, na huweza kuteleza au kushuka ghafla. Tumia stendi mbili imara za chuma, juu ya sakafu ngumu na tambarare. Matofali ya bloku na mawe yasitumike badala ya stendi: bloku hupasuka ghafla chini ya uzito bila kutoa onyo lolote. Juu ya mchanga au udongo laini, kazi hii isifanyike.

Vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, na uweke vigingi kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Baada ya kuliegemeza gari juu ya stendi, lisukume kwa mkono kuhakikisha halitikisiki. Awepo mtu mwingine karibu, na watoto wakae mbali. Vaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika huwa na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi pale mtu anapoigusa mara kwa mara.

5. Matengenezo yanayoweza kufanyika nyumbani

5.1 Nati ya kumwagia oili

Hiki ndicho chanzo chepesi kuliko vyote na pia ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kati ya kichwa cha nati na sampu hukaa wosha, yaani kile kipete chembamba cha shaba, aluminiamu au mpira. Wosha ndiyo inayozuia oili. Imetengenezwa ili ibonyee inapokazwa, hivyo inapaswa kubadilishwa kila nati inapofunguliwa. Badala yake, wengi hurudisha ile ya zamani, na ikivuja huongeza nguvu ya mkono hadi meno ya hesi yanakatika. Hapo tatizo la kipete huwa tatizo la sampu nzima.

Hatua za kufuata:
(i) Washa injini kwa dakika tatu hadi tano ili oili ipate vuguvugu, kisha izime. Oili isiwe ya moto wa kuunguza.
(ii) Nyanyua na uegemeze gari kama ilivyoelezwa, na uweke chini yake beseni la lita 5 au zaidi.
(iii) Fungua nati kwa spana ya duara au soketi ya kipimo chake halisi. Katika injini nyingi za Toyota kipimo hicho ni namba 14. Spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi huiita spana malaya, hula kona za nati na isitumike hapa.
(iv) Acha oili ichuruzike hadi matone yaishe. Kagua nati: ikiwa na vipande vya chuma vinavyometameta, injini inahitaji uchunguzi wa fundi.
(v) Futa uso wa sampu pale wosha inapokaa. Weka wosha mpya.
(vi) Anza kukaza kwa vidole pekee, mizunguko kadhaa. Ikigoma, usilazimishe, itoe na uanze upya, kwa kuwa huenda imeingia upande.
(vii) Maliza kwa spana. Kwa magari mengi madogo nguvu inayotakiwa ni kati ya niutonimita 30 na 40. Asiye na spana yenye kipimo afikirie hivi: nguvu hiyo ni sawa na kuning'iniza ndoo yenye lita 13 hivi za maji mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 30. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja uliotulia. Haihitaji kuongeza bomba kwenye spana wala kuisukuma kwa mguu.

Utepe mweupe wa mabomba ya maji usifungwe kwenye nati hiyo. Vipande vyake huweza kukatika na kufika kwenye kichujio cha pampu ya oili.

5.2 Ukingo wa sampu

Poda ikionyesha kwamba oili inatoka kwenye mshono kati ya sampu na injini, kagua bolti ndogo zinazozunguka ukingo. Iwapo zimelegea, zikaze kidogo kidogo, kwa kupishana pande. Bolti hizi hukazwa kwa niutonimita zipatazo 9 tu katika injini nyingi. Mkono uliozoea kukaza nati za tairi utazikata, au utaukunja ukingo wa bati na kuongeza uvujaji.

Ikiwa kukaza hakukusaidia, sampu itashushwa na kufungwa upya. Kazi hii ifanyike nyumbani iwapo tu sampu inatoka bila kufungua ekzosi wala vyuma vinavyobeba injini. Baada ya kumwaga oili na kufungua bolti zote, achanisha mshono kwa bapa jembamba, polepole, bila kuchimba uso wa injini. Ondoa mabaki yote ya gasketi au silikoni. Laza sampu kifudifudi juu ya kioo au meza iliyonyooka: ukingo ukiwa umevimba kwenye matundu ya bolti, unyooshe kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha ubao.

Nyuso zote mbili ziwe kavu, bila hata tone la oili. Silikoni hainati juu ya oili. Kama injini imetengenezwa kutumia silikoni, vuta mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa milimita 3 hadi 5, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Kuongeza zaidi hakuongezi uimara, kwa kuwa ziada husukumwa ndani, hukatika, na huweza kuziba kichujio cha pampu. Rudisha sampu bila kukawia, kaza bolti kwa kupishana katika awamu mbili au tatu, na usubiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili. Kama injini hutumia gasketi ya mpira, weka gasketi mpya na ufuate kitabu cha gari kuhusu iwapo silikoni inahitajika.

5.3 Tundu dogo kwenye sampu ya chuma

Tundu la sindano lililosababishwa na kutu linaweza kuzibwa kwa muda kwa gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili. Mwaga oili yote, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, safisha kwa dawa ya kusafishia breki, kausha, kisha paka na uache ikauke kwa muda ulioelekezwa. Kiraka hiki ni cha kumvusha mmiliki hadi apate sampu nyingine. Si tiba ya kudumu. Mahali ambapo kutu imetoboa tundu moja, mara nyingi bati jirani nalo limekwisha kuwa jembamba.

5.4 Kujaza na kuhakiki

Jaza oili ya aina na kiasi kilichoelezwa katika kitabu cha gari. Kwa mfano, injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika baadhi ya magari ya IST, Vitz na Probox, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta mpya. Washa injini, hakikisha taa ya oili inazimika ndani ya sekunde chache, na uangalie chini bila kuingia chini ya gari. Zima, subiri, pima tena. Rudisha kipande cha boksi usiku huo: boksi kavu asubuhi ndilo cheti cha kazi yako.

6. Kazi zisizofaa kufanywa nyumbani

Sampu isichomelewe ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Mvuke wa oili na mabomba ya mafuta yaliyo karibu huweza kuwaka, na umeme wa kuchomelea huweza kuharibu kompyuta ya gari. Sampu ya aluminiamu iliyopasuka ibadilishwe, au ishushwe na kupelekwa kwa mchomeleaji mwenye utaalamu wa aluminiamu. Meno ya hesi yaliyokatika yatengenezwe na fundi mwenye vifaa vya kuyachonga upya; kulazimisha nati kubwa zaidi hupasua sampu.

Dawa za chupa zinazodaiwa kuzuia kuvuja hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha sili za mpira. Haziwezi kuziba tundu la bati, kukaza bolti iliyolegea wala kufufua wosha iliyokufa. Mlaji asinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa.

7. Oili chafu

Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani hueleza kwamba oili iliyomwagwa kutoka gari moja katika ubadilishaji mmoja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, yaani zaidi ya lita milioni tatu na nusu. Kwa kaya zinazotegemea visima, tahadhari hii ina uzito wa pekee. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro, chooni, wala uwanjani kwa ajili ya kutuliza vumbi. Ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko, liandike kilichomo, liweke mbali na watoto, na ulipeleke kwenye gereji au kituo kinachokusanya oili iliyotumika. Usitumie dumu la maji ya kunywa au la mafuta ya kupikia ambalo mtu anaweza kulirudisha jikoni.

8. Unapopeleka gari gereji

Kujua chanzo hakumlazimishi mlaji kufanya kazi mwenyewe. Humwezesha kuzungumza na fundi kwa uelewa. Kabla ya kukubali kazi:

(a) mwombe fundi akuonyeshe kwa macho mahali oili inapotokea, baada ya kusafisha;
(b) pata makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya vipuri na bei ya ufundi;
(c) omba kurudishiwa kipuri kilichoondolewa;
(d) kubaliana muda wa kurudi bila malipo iwapo uvujaji ule ule utaendelea, na
(e) dai risiti ya EFD, kwa kuwa bila risiti malalamiko huwa magumu kuthibitishwa.

Unaponunua oili, kagua kama kizibo kina lakiri isiyovunjwa, kama lebo imebandikwa vizuri na maandishi yake yanasomeka, na kama kuna namba ya toleo. Usinunue oili inayopimwa kutoka kwenye chombo kisicho na utambulisho.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiamini kuwa umeelezwa kasoro isiyokuwepo au umeuziwa bidhaa bandia, anza kwa kumwandikia aliyekuhudumia, ukiambatisha nakala ya risiti. Asipokujibu au msipoafikiana, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani. Kwa bidhaa inayoshukiwa kuwa chini ya kiwango, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania. Hifadhi kipuri, chupa na picha kama ushahidi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sampu iliyolowa oili si uthibitisho kwamba sampu ndiyo inayovuja?
2. Taa nyekundu ya oili imewaka ukiwa umebakiza kilomita mbili kufika nyumbani. Utafanya nini, na kwa nini?
3. Nati ya kumwagia oili inadondosha baada ya kubadilisha oili. Ni kitu gani cha kukagua kabla ya kuongeza nguvu ya kukaza?
4. Jirani yako ameinua gari kwa jeki na kuweka bloku mbili chini yake. Utamshauri nini?
5. Fundi anasema sampu ibadilishwe. Taja mambo mawili utakayomwomba kabla ya kulipa.

Msomaji anayeweza kujibu maswali haya bila kurudi nyuma yuko tayari kushika tochi na kuanza kutafuta. Aliyeshindwa hata moja kati ya la pili na la nne anashauriwa kusoma tena sehemu ya 2 na ya 4 kabla ya kugusa gari.